Senti 3 za nyama ya kusaga zilivyofunga viwanda vitatu

Mwezi Machi 2012, chini ya wiki tatu zilitosha kuangusha biashara ya nyama iliyojengwa nchini Marekani kwa takriban miaka 20. Serikali haikuipiga marufuku bidhaa hiyo, wala haikuamuru irudishwe kutoka madukani. Mashine zilikuwa zile zile, na nyama ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mnunuzi alipata jina la kitu alichokuwa akikila bila kujua, na jina hilo hakulipenda.

Bidhaa yenyewe ni mnofu laini unaopatikana kwa kutenganisha nyama na mafuta katika mabaki ya ukataji wa ng'ombe. Mtengenezaji wake mkubwa alikuwa kampuni ya Beef Products Inc., yenye makao makuu Dakota Dunes, jimbo la South Dakota. Kisa chake bado kinatajwa kila panapozuka teknolojia mpya ya nyama, kwa sababu kinaonyesha kwamba kanuni ya lebo ni sehemu ya mtaji wa kiwanda, sawa na mashine na jengo.

Hesabu ya mafuta na mnofu

Ili kuelewa faida ilikotoka, ni lazima kwanza kuangalia ng'ombe wa Marekani anavyofugwa. Ng'ombe wengi wa nyama humalizia miezi yao ya mwisho katika mazizi ya kunenepesha wakila nafaka, hasa mahindi. Wanapochinjwa na kukatwa, hutoa steki nzuri, lakini pia hutoa vipande vingi vya pembeni vyenye mafuta. Katika biashara, kundi moja kubwa la vipande hivyo huhesabiwa kuwa nusu mnofu na nusu mafuta.

Vipande hivyo haviwezi kuuzwa peke yake kama nyama ya kusaga. Kanuni za Marekani zinataka nyama ya kusaga isiwe na mafuta yanayozidi asilimia 30, na wanunuzi wengi wanataka mafuta pungufu ya hapo. Kwa hiyo msagaji hulazimika kununua mnofu mtupu wa kuchanganyia. Mnofu huo hutoka kwa ng'ombe wazee wa maziwa, madume, na shehena zinazoagizwa kutoka nchi kama Australia na New Zealand, ambako mifugo mingi hula majani. Bei yake ni ya juu kuliko ya vipande vya mafuta.

Mfano rahisi unaonyesha jambo hilo. Msagaji anayetaka kilo 100 za nyama yenye mnofu wa asilimia 80 anahitaji kilo 25 za vipande vya nusu kwa nusu na kilo 75 za mnofu wa asilimia 90. Akipata kilo 15 za mnofu laini wa asilimia 95 uliotengenezwa kutokana na mabaki, mahitaji yake ya mnofu ghali yanashuka hadi kilo 58 hivi, na anaweza kutumia karibu kilo 27 za vipande vya mafuta. Katika kila kilo 100 anaokoa ununuzi wa takriban kilo 17 za mnofu wa bei kubwa.

Faida kwa kila kipande ilikuwa ndogo. Gazeti la New York Times liliandika mwaka 2009 kwamba mpango wa chakula cha shule wa Marekani ulipunguza gharama kwa kiasi cha senti 3 za dola kwa kila paundi ya nyama ya kusaga, yaani karibu nusu kilo. Ni kiasi ambacho mama mwenye kununua paundi mbili asingekihisi mfukoni. Lakini kwa mnunuzi wa paundi milioni moja ni dola 30,000, na katika biashara ya nyama ambayo faida yake hupimwa kwa senti, senti 3 huamua nani apate zabuni na nani aikose.

Mashine inavyofanya kazi

Teknolojia hiyo ilitokana na kazi ya Eldon Roth, aliyeanzisha kampuni hiyo pamoja na mkewe Regina mwaka 1981. Umaarufu wake wa kwanza ulitokana na mtambo wa kugandisha nyama kwa haraka kwa kuipitisha juu ya mapipa baridi yanayozunguka.

Katika utengenezaji wa mnofu laini, vipande vya mafuta hupashwa moto kidogo, kufikia karibu nyuzi 38 za Sentigredi. Hilo ni joto la mwili wa mnyama aliye hai; halitoshi kuivisha nyama, lakini linatosha kulainisha mafuta. Baadaye mchanganyiko huzungushwa kwa kasi kubwa ndani ya mashine, kwa namna inayofanana na ile ya kutenganisha krimu na maziwa. Mafuta huenda upande wake na mnofu upande wake. Kinachopatikana ni nyama laini sana, yenye mnofu wa asilimia 94 hadi 97, ambayo hugandishwa na kufungwa katika vipande vya mraba tayari kwa wasagaji.

Kabla ya kugandishwa hupita hatua moja zaidi, na hatua hiyo ndiyo iliyozua kelele. Nyama hupulizwa kiasi kidogo cha gesi ya amonia ili kupunguza uchachu wake na kuua bakteria. Kampuni ya Cargill, iliyokuwa mshindani, ilitengeneza bidhaa ya namna hiyo kwa kutumia asidi ya limau badala ya amonia.

Amonia haikuongezwa kwa sababu ya ladha wala uzito. Vipande vya mafuta hutoka karibu na ngozi, mahali ambapo kinyesi cha mnyama kinaweza kugusa nyama wakati wa kuchuna. Aidha, shehena moja ya mabaki hukusanywa kutoka kwa ng'ombe wengi, hivyo mnyama mmoja mchafu anaweza kuharibu tani nzima.

Hatari hiyo ilikuwa imedhihirika. Mwaka 1993 hambaga zisizoiva vizuri za mikahawa ya Jack in the Box zilisababisha mlipuko wa bakteria aina ya E. coli O157:H7 katika majimbo ya magharibi ya Marekani. Zaidi ya watu 700 waliugua na watoto 4 walifariki. Mwaka uliofuata serikali ilitangaza kuwa nyama ya kusaga yenye bakteria huyo ni bidhaa iliyoharibika kisheria na haiwezi kuuzwa mbichi. Kuanzia hapo, kila msagaji aliyekutwa na bakteria huyo alikabiliwa na hasara ya kupoteza shehena. Njia yoyote ya kuua bakteria bila kupika nyama ikawa na thamani ya fedha.

Kanuni iliyokuwa mtaji

Uamuzi wa kwanza wa serikali uliifungulia bidhaa hiyo soko mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikubali kwamba mnofu uliotenganishwa kwa njia hiyo ni nyama ya ng'ombe, na kwa hiyo unaweza kuchanganywa katika nyama ya kusaga bila kutajwa peke yake kwenye lebo.

Uamuzi wa pili ulihusu amonia. Mwaka 2001 wizara ilikubali matumizi yake katika nyama hiyo. Amonia ilihesabiwa kuwa kisaidizi cha utengenezaji, haikuhesabiwa kuwa kiungo, na kwa mujibu wa kanuni visaidizi vya namna hiyo havihitaji kuandikwa kwenye pakiti.

Maamuzi haya mawili kwa pamoja yaliamua bei. Kama mnofu huo ungeandikwa kwa jina lake, msagaji angelazimika kueleza kwa mteja ni kitu gani, na pengine kuuza kwa punguzo. Kwa kuwa haukuandikwa, ulihesabiwa sawa na mnofu wowote. Kampuni ilikuwa ikigeuza malighafi ya bei ya chini kuwa bidhaa iliyokaribia bei ya mnofu halisi. Kampuni iliifanya kazi hiyo kwa mashine yake, na kanuni ndiyo iliyoruhusu matokeo yaitwe nyama ya ng'ombe.

Si wote ndani ya wizara waliokubaliana na hali hiyo. Mwaka 2002 mtaalamu wa vijidudu wa wizara hiyo, Gerald Zirnstein, aliwaandikia wenzake akisema kwamba haoni kuwa bidhaa hiyo ni nyama ya kusaga, na kwamba kuiruhusu bila kuitaja ni kumpotosha mnunuzi. Katika ujumbe huo aliita bidhaa hiyo “ute wa pinki”. Maneno hayo yalibaki ndani ya ofisi kwa miaka saba.

Yalitoka hadharani Desemba 2009, katika habari ya New York Times. Gazeti hilo lilieleza pia kwamba vipimo vya mpango wa chakula cha shule, tangu mwaka 2005, vilikuta E. coli mara 3 na salmonela mara 48 katika nyama ya kampuni hiyo. Wizara, ambayo mwaka 2007 ilikuwa imeiondoa kampuni katika orodha ya wanaopimwa mara kwa mara kwa kuamini kuwa amonia inatosha, iliirudisha. Hata hivyo, habari hiyo haikuhusisha bidhaa hiyo na mlipuko wowote wa ugonjwa, na soko halikutikisika sana.

Machi 2012

Kufikia mwisho wa mwaka 2011, McDonald's, Burger King na Taco Bell walikuwa wameacha kutumia mnofu huo. Lakini supamaketi na shule ziliendelea nao.

Tarehe 7 Machi 2012, kituo cha televisheni cha ABC kilianza mfululizo wa habari juu ya bidhaa hiyo, kikirudia jina la “ute wa pinki” na kusema kuwa imo katika asilimia 70 ya nyama ya kusaga iliyouzwa supamaketi. Tarehe 15 Machi wizara ilitangaza kuwa shule zitakuwa na hiari ya kununua nyama isiyo na mnofu huo. Tarehe 21 Machi supamaketi za Safeway na Supervalu zilisema haziuzi tena nyama yenye mnofu huo, na siku iliyofuata Kroger ikafuata. Tarehe 26 Machi kampuni ilisimamisha kazi katika viwanda vitatu kati ya vinne ilivyokuwa navyo: Amarillo katika Texas, Garden City katika Kansas na Waterloo katika Iowa. Kilichobaki ni kile cha South Sioux City, Nebraska.

Wanasiasa wa majimbo hayo walijaribu kuzuia moto. Magavana wa Iowa, Texas na Kansas walitembelea kiwanda cha Nebraska mwishoni mwa mwezi huo na kula hambaga mbele ya waandishi wa habari. Haikusaidia. Mwezi Mei viwanda vitatu vilifungwa rasmi, na mamia ya wafanyakazi wakapoteza ajira.

Kwa mujibu wa madai ya kampuni mahakamani, mauzo yalishuka kutoka karibu paundi milioni 5 kwa wiki hadi chini ya milioni 2. Mapato yake ya mwaka, yaliyokuwa zaidi ya dola milioni 650, yaliteremka hadi karibu dola milioni 130.

Athari hazikuishia kwa kampuni moja. AFA Foods, msagaji mkubwa wa nyama kutoka Pennsylvania, iliomba kinga ya kufilisika tarehe 2 Aprili 2012 na kutaja kelele hizo kuwa moja ya sababu. Bei ya vipande vya nusu kwa nusu ilishuka kwa kuwa mnunuzi wake mkubwa ametoweka, na mahitaji ya mnofu mtupu yakapanda. Wenye viwanda walidai kwamba kuziba pengo hilo kungehitaji kuchinja ng'ombe milioni 1.5 zaidi kwa mwaka, wakati ambapo idadi ya ng'ombe nchini humo mwanzoni mwa mwaka 2012 ilikuwa ndogo kuliko wakati wowote tangu 1952.

Kosa la mahesabu

Wachunguzi wa biashara wamejadili kwa muda mrefu kosa lilikuwa la nani. Upande mmoja unasema televisheni iliua bidhaa salama kwa kutumia jina la kutia kinyaa. Upande wa pili unasema mnunuzi alikuwa na haki ya kuambiwa. Pande zote mbili zina hoja, kwa sababu zinajibu maswali tofauti. Kanuni za usalama hujibu swali la kama nyama itamdhuru mlaji. Kanuni za lebo hujibu swali la kama mlaji anapata kile anachodhani ananunua. Bidhaa inaweza kufaulu la kwanza na kushindwa la pili.

Kwa upande wa fedha, kosa liko wazi zaidi. Kutoandika mnofu huo kwenye lebo kulileta akiba ya senti chache kwa kila paundi, kila siku, kwa miaka mingi. Lakini pamoja na akiba hiyo kulikuwa na deni lisiloonekana kwenye vitabu: hatari kwamba siku mnunuzi atakapojua, atajua mara moja, na atajua kutoka kwa mtu mwingine. Hakuna aliyeweka akiba kwa ajili ya siku hiyo. Shule na supamaketi zilizokuwa zikiokoa senti 3 ziligundua kuwa mzazi mwenye hasira ni ghali kuliko senti 3, nazo zikaondoka kwa siku chache.

Cargill ilisoma somo hilo. Novemba 2013 ilitangaza kwamba kuanzia mwaka 2014 vifungashio vya nyama yake ya kusaga vitataja mnofu laini pale unapokuwamo. Mwaka huo huo wa 2014, ukame ulikuwa umepunguza mifugo zaidi na bei ya nyama ya kusaga ilipita dola 4 kwa paundi. Bidhaa iliyokimbiwa ikaanza kutafutwa tena, na mwezi Agosti kiwanda cha Kansas kilifunguliwa kwa kazi ndogo ya kupokea malighafi.

Kesi ya madai dhidi ya ABC, iliyofunguliwa Septemba 2012, ilianza kusikilizwa Juni 2017 katika mji mdogo wa Elk Point, South Dakota. Kampuni ilidai hasara ya dola bilioni 1.9, ambayo chini ya sheria ya jimbo hilo inayolinda mazao ya kilimo dhidi ya kashfa ingeweza kuzidishwa mara tatu. Kabla ya mwisho wa mwezi pande hizo zilipatana nje ya mahakama. ABC ilisema inasimamia habari zake. Masharti yalikuwa ya siri, lakini hesabu za kampuni mama ya Disney zilionyesha gharama ya dola milioni 177, mbali na fedha za bima.

Desemba 2018 wizara, baada ya kuombwa na kampuni kupitia upya utengenezaji wake, iliamua kwamba bidhaa hiyo yenyewe inaweza kuitwa nyama ya kusaga. Kampuni hiyo siku hizi inaitwa Empirical Foods.

Ulaya: mstari mwingine, bei nyingine

Upande wa pili wa Atlantiki unaonyesha kanuni inavyoweza kufanya kazi kinyume. Nchini Uingereza, kampuni ya Newby Foods ilitumia mashine ya nguvu ndogo kutoa nyama iliyobaki kwenye mifupa, ikiwa na umbo linalofanana na nyama iliyosagwa kawaida. Mamlaka za Uingereza ziliikubali kama nyama. Tume ya Ulaya haikukubali. Kwa maoni yake, nyama yoyote iliyotolewa mifupani kwa mashine huingia katika kundi la nyama iliyotenganishwa kwa mashine, na tangu ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2001 inakataza kutumia mifupa ya ng'ombe, kondoo na mbuzi kwa kazi hiyo.

Aprili 2012 mamlaka za Uingereza ziliamuru uzalishaji kutoka kwa ng'ombe na kondoo ukome mwishoni mwa mwezi. Ile ya kuku na nguruwe iliruhusiwa kuendelea, lakini kwa jina jipya, na haikuhesabiwa tena katika kiwango cha nyama kinachoandikwa kwenye pakiti. Newby ilipinga. Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua dhidi yake Oktoba 2014, na Mahakama ya Juu ya Uingereza ikafunga mjadala Aprili 2019.

Katika kisa hiki pia mashine haikubadilika hata kidogo. Jioni nyama ilikuwa nyama. Asubuhi ilikuwa bidhaa ya daraja la chini. Tofauti na Marekani, aliyebadilisha jina hapa ni mdhibiti, lakini mizania ya kiwanda iliumia vile vile.

Maana yake kwa wawekezaji

Mvutano huo sasa umehamia kwenye nyama inayooteshwa kiwandani kutokana na seli za mnyama. Singapore iliiruhusu kwanza mwaka 2020, na Marekani ikaruhusu kampuni mbili kuuza ya kuku Juni 2023. Italia ilipitisha sheria ya kuikataza mwaka huo huo, na jimbo la Florida likafanya hivyo mwaka 2024. Mengi ya mabishano hayahusu sumu wala bakteria. Yanahusu kama kitu hicho kiitwe nyama.

Anayetaka kuweka fedha katika mashine ya nyama, iwe ya kutenganisha, kugandisha au kuotesha, kwa kawaida huuliza bei yake, umeme unaotumika na kilo zinazotoka kwa saa. Maswali hayo ni ya lazima, lakini hayatoshi. Swali la nne ni jina ambalo bidhaa itauzwa nalo na nani mwenye uwezo wa kulibadilisha. La tano ni kama hesabu ya faida bado inasimama siku mnunuzi anapoelezwa kila hatua ya utengenezaji.

Mteja wa buchani anayeona nyama ikikatwa mbele yake hulipa bei moja kwa steki, nyingine kwa nyama ya mifupa na nyingine kwa utumbo, na halalamiki, kwa sababu anajua kilichomo kwenye mzani. Mnofu laini ungeweza kuwa na bei yake kwa namna hiyo hiyo. Pengine ingekuwa chini kwa senti kadhaa, lakini isingetegemea mnunuzi kutojua.